Jibu kwa dada wa Segerea aliyezimika Coco dakika ya nane

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo:

"Kocha shikamoo. Mi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Tabata Segerea hapa Dar, kazi yangu ya kukaa ofisini Posta. Nimeanza kukimbia Desemba, siku tatu kwa wiki, nilianza dakika moja kukimbia mbili kutembea, mwishoni mwa Januari nikafikisha dakika 30 bila kusimama, siku hiyo nilirudi nyumbani naimba. Jumamosi iliyopita nikaenda ufukwe wa Coco na wenzangu wa kazini, mpango tufike mwisho wa Daraja la Tanzanite turudi. Kocha, dakika ya nane nimekwisha. Pumzi hamna, miguu kama nimefungiwa matofali, kichomi ubavuni, moyo unagonga mpaka masikioni. Nikatembea, nikajaribu tena nikashindwa, wenzangu wakaendelea mi nikakaa pembeni nalia. Mmoja alivyorudi akaniambia wengine hatujaumbiwa mbio. Toka siku hiyo raba sijazigusa. Mwili umerudi nyuma? Au nina tatizo la moyo? Labda niseme pia usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa kwenye sendofu ya binamu yangu nikalala saa saba, asubuhi nikala chapati mbili na chai ya maziwa nisije nikakimbia na njaa, tukaanza saa moja na dakika arobaini. Na wiki ya nyuma yake nilikuwa na mafua sikukimbia kabisa, ila homa sikupata."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: hapana, mwili haujarudi nyuma. Mtu akikaa wiki nzima bila kukimbia anachopoteza ni kidogo mno, hata mwenyewe hawezi kukiona, na uwezo uliojenga kwa miezi miwili hauondoki kwa mafua. La moyo nitalifikia huko chini usiliruke, ila nataka kwanza tuitazame hiyo Jumamosi yako vizuri maana majibu mengi umeyaandika mwenyewe, na umeyaweka mwishoni kabisa baada ya neno "labda", kana kwamba hayana uzito. Yana uzito kuliko kilio chote cha darajani.

Nilikuomba unitumie ile picha ya apu yako na umenitumia, asante. Kilomita ya kwanza umeikimbia kwa dakika 6 na sekunde 20. Zile dakika 30 zako za Januari, zile ulizorudi unaimba, ulikuwa unakwenda kilomita moja kwa dakika 8. Ebu zisome tena hizo namba mbili. Yani umeongeza zaidi ya robo ya mwendo wako kwa siku moja bila kujijua, kwasababu ulikuwa unaongea na wenzako getini pale mkaondoka pamoja na wewe ukaona aibu kubaki nyuma. Hata kama ungelala masaa nane kamili na hali ya hewa ingekuwa ya Lushoto, kwa mwendo ule usingefika mbali. Mi kwa miaka 11 niliyofundisha watu wazima wanaoanza kukimbia hapa Dar, hili ndo nalikuta kuliko yote mengine yakijumlishwa, na karibu kila mara mhusika ananiambia "lakini kocha mwanzoni nilikuwa najisikia vizuri tu".

Ndio, mwanzoni lazima ujisikie vizuri, na hapo ndo penye mtego. Ukianza kukimbia misuli inadai oksijeni palepale, ila moyo na mapafu vinahitaji kama dakika mbili tatu kupanda mpaka kufikia kiasi kinachodaiwa, kwa anayeanza inaweza kuzidi hapo. Katikati ya hapo misuli inaishi kwa mkopo, inachoma sukari bila oksijeni ya kutosha. Ukianza taratibu mkopo unakuwa mdogo unaulipa hukohuko njiani, dakika ya kumi unashangaa pumzi imefunguka na miguu imelainika. Ukianza na mwendo wa mtu mwingine mkopo haulipiki, kila dakika unaongezeka, unahema zaidi na haikusaidii, na ukifika dakika ya saba ya nane mwili unagoma. Umegoma dakika ya nane, hapo hata hatuhitaji mganga.

Njia ya kujua mwendo wako ni kuongea. Sio saa ya mkononi, sio apu. Uweze kusema sentensi nzima bila kukata katikati kuvuta pumzi. Mi wanafunzi wangu nawaambia wataje vituo vya daladala vya mtaani kwao, wewe taja kuanzia Segerea mpaka Buguruni kwa sauti, ukikwama kabla hujafika Buguruni upo juu ya uwezo wako punguza. Na kama unataka kuona hili linavyofanya kazi nenda Temeke au Mbagala Jumapili alfajiri utakutana na vikundi vya joging, watu wamevaa fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia, wanaenda hivo mtaa kwa mtaa. Watu wanadhani nyimbo ni za kuchangamsha tu. Nyimbo ndo breki yao. Huwezi kuitikia wimbo ukiwa unatweta, kwahiyo kundi zima linalazimika kukaa kwenye mwendo ambao kila mtu ana pumzi ya kuimba, ndo maana unakuta mzee wa miaka 60 na kijana wa 20 wameanza pamoja na wamemaliza pamoja. Wenzako wa ofisini hawakuimba, na hapo sina ubaya nao, hawakujua tu.

Sasa joto. Hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu watu wa Dar tunalidharau joto kwa vile tumezaliwa nalo. Nishati unayoichoma ukikimbia ni kama robo tu inayogeuka kuwa mwendo, zilizobaki zote zinakuwa joto ndani ya mwili, na hilo joto lazima litoke la sivyo unapikika. Mlango mkubwa wa kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Kukauka. Jasho linalochuruzika na kudondoka kwenye lami halijakupoza chochote, limekupunguzia maji basi. Na Februari hapa kwetu hewa imeshiba maji, we mwenyewe unajua nguo ukianika ndani kipindi hiki zinavyochelewa kukauka, basi na jasho lako liko hivohivo, linakaa tu juu ya ngozi. Mwili ukiona haupoi unapeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi, na damu ni ileile, kwahiyo inayoenda misulini inapungua na moyo unapiga haraka zaidi kufidia. Mwendo uleule uliokuwa mwepesi kwako saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, saa mbili kasoro unaweza kukuta mapigo yamepanda kumi, ishirini zaidi kwa dakika, hujaongeza hata hatua moja.

Na wewe mazoezi yako yote ya Segerea umeniambia unafanya kabla jua halijatoka vizuri, alafu siku nzima upo kwenye kiyoyozi Posta. Kwahiyo ukweli ni kwamba mwili wako unaishi Dar ila haujazoea kukimbia kwenye jua la Dar. Kuzoea kupo, mwili unachukua kama siku 10 mpaka 14 za kukutana na joto, maji ya kwenye damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema na chumvi inayopotea inapungua. Lakini huo ni mradi unaopangwa, haufanywi kwa kushtukizwa Jumamosi moja darajani.

Na lile daraja lenyewe. Mi nalipenda, lilivyofunguliwa 2022 nilikuwa napeleka watu pale karibu kila wiki, ile bahari chini unasahau uchovu. Ila ni kilomita moja na kidogo juu ya maji bila kivuli hata cha mti mmoja, jua linakupiga juu na lingine linarudi kutoka chini. Kuna kitu kingine watu hawakifikirii, upepo. Kipindi hiki unavuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Ukitoka Coco kuelekea mjini kaskazi inakuwa mgongoni, na upepo wa mgongoni unavyokusukuma unakudanganya unakimbia vizuri kumbe hewa inayokupita usoni imekuwa karibu sifuri, umekimbia kwenye fukuto tupu hakuna kinachokausha jasho. Wengi huwa wanazimika wakati wa kwenda pale, wakati wa kurudi upepo unawapiga usoni wanafufuka. Kama siku nyingine utaenda na kaskazi inavuma, anzia upande wa pili, au nenda Julai. Julai wakati wa kipupwe utapita pale kwa mwendo wako wa kawaida utadhani umepewa miguu mipya.

Chapati mbili na chai ya maziwa. Nia ilikuwa nzuri na hapo umekosea muda tu. Chapati ina mafuta, maziwa nayo yana mafuta, hicho chakula kinataka saa mbili mpaka tatu tumboni, wewe umekipa nusu saa. Tumbo linataka damu ya kusaga chakula, ngozi inataka damu ya kupoza, misuli inataka damu ya kukimbia, na zote tatu zinaomba kwa moyo mmoja. Kile kichomi cha ubavuni kinakuja sana kwa mtu aliyekula karibu na mbio au aliyeanza kwa kasi, wewe ulikuwa na vyote viwili. Kikikushika punguza mwendo, toa pumzi yote nje mpaka mwisho, bonyeza kwa vidole pale panapochoma huku umeinama kidogo mbele, kitaachia. Kwa mbio za nusu saa asubuhi hata usipokula hutadhurika kama usiku ulikula, na wewe usiku ulikula pilau ya sendofu, ile ndo ilikuwa petroli yako tayari ipo ndani. Ukiona njaa inakusumbua ndizi mbivu moja au tende mbili tatu zinatosha. Chapati zisubiri urudi, zitakuwa tamu zaidi.

Usingizi wa masaa matano na mafua ya wiki nzima sitavisemea sana, kila kimoja peke yake ungeweza kukibeba. Mtu aliyelala kidogo mapafu yake na misuli yake inafanya kazi karibu kama kawaida, kinachobadilika ni uzito anaousikia kichwani, mwendo mwepesi anausikia mzito. Na mafua hata yakiisha puani mwili unakuwa bado unafanya usafi ndani kwa siku kadhaa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja nesi, alikuwa analalamika kila baada ya wiki fulani anakuwa na mbio mbovu na hajui kwanini, alikuwa ameshaanza kuamini ana ugonjwa. Nikamwambia aandike daftari, mistari mitatu tu kila siku ya mbio: amelala saa ngapi, amekimbia saa ngapi, alijisikiaje. Baada ya miezi miwili tukakaa na daftari, mbio mbovu zote isipokuwa moja zilikuwa asubuhi aliyotoka shifti ya usiku. Akahamishia mbio zake jioni siku hizo, malalamiko yakaisha. Nawe nunua daftari, la shule linatosha, ongeza na siku zako za hedhi humo kwasababu siku kadhaa kabla ya hedhi joto la mwili wa mwanamke linakuwa limepanda kidogo, na kwa hali ya hewa yetu hicho kidogo unaweza kukisikia.

Ukiyarudisha yote mezani sasa: mwendo umezidi kwa robo, jua la saa mbili, upepo mgongoni, tumbo limejaa, umelala masaa matano tu, umetoka kuumwa. Mambo sita, siku moja. Mi binafsi nashangaa ulifika dakika ya nane, na nasema hivo kwa kukuheshimu. Mbio ile haijapima uwezo wako hata kidogo, imepima ile wiki yako pamoja na usiku wake na chakula chake. Uwezo wako ulishapimwa mwishoni mwa Januari kule Segerea na ukapatikana, dakika 30.

Nije kwenye lile la kusimama, maana naona kwenye maneno yako kinachouma zaidi ni kwamba ulitembea. Hapa Tanzania tuna John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, alianguka akaumia goti na akaendelea mpaka uwanjani akamaliza wa mwisho usiku umeshaingia. Ni mzee wetu na heshima yake iko palepale. Lakini jina lake linatumika vibaya sana na watu wanaowasukuma wanaoanza, "Akhwari hakusimama wewe nani usimame". Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa, amejiandaa miaka, yupo kwenye mashindano makubwa kuliko yote duniani. Wewe ulikuwa kwenye mazoezi ya Jumamosi. Kwenye mazoezi anayetembea mapema ndo anayejua anachofanya. Mi nawafundisha watu kutembea kabla hawajalazimishwa: ukiona sentensi zinakatika, tembea dakika moja palepale wakati bado una nguvu za kuendelea, alafu anza tena taratibu kuliko mwanzo. Ukisubiri mpaka uzimike, dakika moja haitakutosha na siku imeharibika, ndo kilichokupata, ulijaribu tena kukimbia ukiwa bado unadaiwa.

Na kuna kusimama ambako sio hiari, hili nakuomba ulishike. Ukiwa juani ukaanza kusikia baridi au vinyweleo vinasimama, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inayumba kama umelewa, au mwenzako anaanza kujibu vitu visivyoeleweka, mbio zimeisha hapohapo, hakuna kumalizia hata mita mia. Kivulini, maji mwili mzima, kichwani, shingoni, kwapani, barafu kama ipo (wauza maji wa Coco huwa wana barafu kwenye ndoo zao), mpepeeni, na kama amechanganyikiwa mpozeni kwanza huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Asipelekwe kwenye bajaji akiwa bado wa moto mkategemea kupozwa huko mbele. Na msidhani kwasababu bado anatoka jasho yuko salama, kwa mtu anayekimbia jasho linaweza kuwa linatoka na hali ni mbaya.

Maji, kwa vile kila mtu atakuuliza. Kunywa glasi moja ukiamka, ukienda nusu saa huhitaji kubeba chupa, ukirudi kunywa kwa kiu yako. Usijilazimishe lita mbili kwa mpigo kwa kuogopa joto, maji mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya kwenye damu na hilo nalo ni hatari, limeshapeleka wakimbiaji hospitali. Siku ya jasho jingi sana tia chumvi kwenye chakula kama kawaida, au dafu, yatosha.

Haya, moyo. Kugonga mpaka masikioni kwa mwendo ule na joto lile ni moyo mzima unaofanya kazi kubwa, na umeniambia ulivyokaa chini ndani ya dakika chache ukatulia, hiyo ni dalili nzuri. Nitakachokuuliza ni haya: uliwahi kusikia maumivu ya kubana katikati ya kifua, yanayopanda shingoni au kwenda mkononi? Uliwahi kuzimia ukiwa unakimbia, au kuona moyo unaruka ruka bila mpangilio? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Kama kuna ndiyo hata moja, raba zikae mpaka daktari akuone na akupime moyo. Na kama nyumbani kwenu kuna mwenye selimundu (sikoseli) muulize daktari pia juu yako, kwasababu hata anayebeba nusu tu ya vinasaba vyake haruhusiwi kujisukuma kwa pupa juani, anakimbia vizuri tu ila kwa taratibu na mapumziko na maji.

Ila nikwambie ninachokifikiria zaidi kwa mwanamke wa umri wako kuliko moyo, ni damu. Upungufu wa damu unakuja polepole mtu anauzoea, anadhani uchovu ni wa foleni na wa kazi. Jiulize unapanda ngazi za ofisini unahema? Hedhi yako ni nzito, inakwenda siku nyingi? Na hili wanawake wengi wanalificha: unatamani kutafuna barafu, mchele mbichi, udongo? Hiyo hamu mara nyingi ni mwili unaolia madini ya chuma. Nenda zahanati yoyote wakupime wingi wa damu, ni tone la kidoleni, kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita) una upungufu na hakuna mazoezi yatakayoutibu, utatibiwa kwa dawa na chakula. Maharage, dagaa, maini, mchicha, na kitu kidogo tu ambacho watu hawajui, chai ya majani usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kufyonzwa, iache saa moja mbele. Badala yake chungwa au embe pembeni ya sahani, hilo linasaidia.

Kuhusu kuumwa na kukimbia nina la kwangu. Mwaka 2016 niliugua malaria, nikameza dawa mseto siku tatu nikamaliza dozi, homa ikaondoka, siku ya nne nikajiona mzima nikaenda kukimbia kilomita kumi kama zamani kwasababu kulikuwa na mbio nimejiandikisha. Nilikaa chini kilomita ya tatu Kawe, sikuweza hata kurudi kwa miguu, na baada ya hapo nilikaa zaidi ya mwezi kila nikikimbia nachoka ovyo. Dozi inaua vimelea, haikurudishii chembe za damu zilizoharibiwa, hizo mwili unazitengeneza kwa wiki kadhaa. Kwahiyo kanuni ninayowapa watu: mafua ya puani tu unaweza kwenda kutembea na kukimbia kidogo sana. Kikohozi cha kifuani, homa, au mwili kuuma, hapana, na hapa kwetu homa yoyote kwanza kipimo cha malaria ndo mengine yafuate. Ukipona, anza na nusu ya ulichokuwa unafanya.

Yule aliyekwambia hujaumbiwa mbio simjui na sitaki kumsema vibaya, pengine alidhani anakufariji. Lakini maneno hayo sikubaliani nayo kabisa. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alienda Olimpiki ya Paris 2024 akamaliza nje ya kumi bora. Kama angepimwa kwa siku ile, angeambiwa zama zake zimepita. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, Tokyo, akachukua dhahabu ya dunia ya marathoni, muda wake na wa Mjerumani aliyemfuata umeandikwa sawasawa saa 2 dakika 9 sekunde 48, wakatenganishwa kwa picha, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde. Mguu ni uleule na kifua ni kilekile. Simsemi ili nawe ukimbie kama yeye, nasema tu kwamba hata mtu wa kiwango kile huwezi kumjua kwa mbio moja.

Sasa utafanya nini wiki hii. Kesho na keshokutwa tembea tu, jioni, dakika 20 mtaani kwenu, vaa raba zilezile ili zisiendelee kuwa kitu cha kuogopa. Alhamisi rudi njia yako ya Segerea saa yako ya zamani, simu iache nyumbani au mpe mtu anayekusindikiza kama giza bado lipo, na kwa usalama wako nakuomba usiwe peke yako saa hiyo. Tembea dakika tano za kwanza. Alafu kimbia dakika 20, sio kilomita, dakika, na dakika kumi za mwanzo uende taratibu mpaka uone haya, yani upitwe na mama anayewahi sokoni na usijali. Kila ukiona unataka kutembea tembea. Ukimaliza unatakiwa uwe na hisia kwamba ungeweza kuongeza nyingine tano, usiongeze. Jumamosi fanya hivohivo 22, Jumanne 25. Ndani ya wiki mbili utakuwa umerudi kwenye 30 zako, na kama Alhamisi utakuta kumbe ni nyepesi tayari usije ukakurupuka ukaruka hatua. Kuzoea jua tutaanza baada ya hapo, mara moja kwa wiki dakika 15 saa moja na nusu, kwa mwendo wa kutaja vituo.

Coco na wenzako utarudi, ila waambie mapema, kabla hamjaondoka, "mi naenda dakika nane kwa kilomita, anayetaka kuongea aje na mimi". Utashangaa wangapi watabaki nyuma na wewe, ofisi yoyote huwa ina wawili watatu wanaoteseka kimyakimya kwenye kundi la mbele.

Mbio mbovu moja usiitafutie dawa. Zikiwa tatu mfululizo, umelala vizuri, umeanza taratibu, saa yako ya kawaida, na bado unazimika dakika ya nane, hapo nenda kapime, na kipimo cha damu mi ningekipima wiki hii bila kusubiri hizo tatu. Niandikie namba ukiipata. Ikiwa chini ya 12 tunabaki kwenye kutembea na dakika 15 za taratibu mpaka daktari aseme imepanda, ikiwa juu ya hapo tuendelee na 20 za Alhamisi kama nilivyokupangia.